Dawa iliyomponya mgongo

Swali la yule mama bado linanirudia: "Dawa iliyomponya mgongo itamchomaje macho?" Wiki hii tumehesabu mali ya duka letu zima la dawa na barua ya posa ya mdogo wangu imejibiwa, lakini akili imeganda pale dirishani.

Alileta karatasi tupu ya vidonge vya meloksikamu, dawa ya maumivu, akitaka nyingine kama hiyo. Mumewe alianza kuimeza wiki mbili nyuma. Sasa ana homa, koo linauma, macho mekundu yanachoma, midomo inachubuka.

"Asimeze hata kimoja tena, mama. Mpeleke hospitali leo hii, na ubebe karatasi za dawa zote, hata za mitishamba."

Ndipo akaniuliza, akaondoka kabla sijajibu.

Dawa yenyewe haichomi. Kinga ya mwili huishambulia kama adui, ikaua ngozi ya juu pamoja na utando wa macho, mdomo na sehemu za siri. Kinga huchukua muda kujipanga, kwa hiyo dalili huja kati ya siku ya 4 na ya 28 hivi, mtu akiwa ameshaisifu dawa. Tena hutangulia homa na koo, upele ukifuata baada ya siku chache, na watu huongeza kidonge kilekile ili kushusha homa. Hapo ndipo panaponiuma.

Upele wa ugonjwa huu huuma kuliko kuwasha. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama madoa ya zambarau au meusi, kisha malengelenge, na ngozi ikisuguliwa kidogo inavuka. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake: ikibanduka chini ya viganja 10 ni ugonjwa uitwao Stevens-Johnson, ikipita 30 ni ule mkali zaidi, Lyell, ambao huua karibu mtu 1 kati ya 3. Ni nadra, ila kati ya dawa za maumivu, meloksikamu na piroksikamu hushukiwa zaidi. Hata kwa parasetamoli, Marekani ilitoa tahadhari Agosti 2013.

Leo kijana wao kapita: baba amelazwa, dawa imesimamishwa, daktari wa macho kamwona mapema. Nimefurahi mno! Nimemwandikia baba kwenye kadi meloksikamu na ndugu zake, piroksikamu na tenoksikamu, asipewe tena maishani. Majina halisi, maana ya kibiashara hubadilika kila duka.

Umeme umekatika tangu saa nane, na kwenye friji kuna insulini.