Jinsi nilivyoipatanisha mitutu miwili ya gobore langu

Nikiwaambia watu wa nyumbani Tanzania kwamba huku Marekani ninawinda kwa gobore, wanafikiria lile la fundi wa kijijini lenye mtutu mmoja mrefu. Langu lina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, nyundo mbili na vifyatulio viwili. Limeundwa na Pedersoli, kiwanda cha Gardone Val Trompia nchini Italia. Kipenyo chake ni inchi .54, yaani karibu milimita 13.7, na ndani ya kila mtutu mna mifuo ya kuizungusha risasi. Upakiaji ni ule ule tunaoujua: baruti nyeusi, kitambaa chenye mafuta, risasi ya duara, mdeki (ufito wa kushindilia), fataki ya kuwashia.

Nililitaka kwa ajili ya mnyama. Mwenye gobore la kawaida ana nafasi moja tu. Kulungu akijeruhiwa, anakimbia na maumivu yake wakati wewe unahangaika na mdeki. Mtutu wa pili unamaliza jambo hilo papo hapo. Wazo lenyewe ni la zamani: mafundi wa London kama Purdey walikuwa wakiunda bunduki za namna hii katika miaka ya 1850, kabla risasi za ganda hazijaenea.

Upande wa sheria haukunichukua muda mrefu. Sheria ya shirikisho ya silaha ya 1968 haiyahesabu magobore ya baruti nyeusi sawa na bunduki nyingine, lakini kila jimbo lina kanuni zake za msimu wa uwindaji. Nilizisoma mstari kwa mstari kabla ya kutoa hela, na ninamsihi kila anayetaka silaha hii afanye hivyo hivyo.

Kazi kubwa ilikuwa kuifanya mitutu miwili ipige mahali pamoja. Haikuungwa sambamba, midomo yake imeelekeana kidogo. Sababu ni kwamba ukifyatua mtutu wa kulia, bunduki inaporudi nyuma hujipinda kulia, na wa kushoto huipinda kushoto. Hilo linaanza risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Kwa hiyo kiasi cha baruti ndicho kinachoamua. Baruti ikipungua, risasi inachelewa kutoka, bunduki inapata muda wa kujipinda zaidi, na matundu ya risasi kwenye shabaha yanaachana: la kulia linakwenda kulia, la kushoto linakwenda kushoto. Ukizidisha, risasi zinawahi kutoka na njia zake zinapishana.

Nilianza na greni 60 (karibu gramu 3.9) za baruti ya FFg, yaani ya chembe za wastani, nikilenga shabaha ya yadi 50 huku nimeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Matundu yaliachana kwa upana wa sahani. Nikawa napanda greni 5 kwa hatua, ndani ya mipaka ya kitabu cha kiwanda, na kila hatua napiga kulia na kushoto mara kadhaa kabla ya kuamua lolote. Kwenye greni 80 makundi yote mawili yalikaa ndani ya kiganja cha mkono. Nilipanda tena ili kuhakikisha, yakaanza kupishana. Nikarudi 80 na hapo ndipo nilipobaki. Ninatumia risasi za madini ya risasi laini tupu zenye kipenyo cha inchi .530, na kitambaa cha pamba kilichopakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Ukibadilisha hata kitambaa, pima upya.

Usalama wa mitutu miwili una mambo ambayo mwenye mtutu mmoja hayafikirii. Nikishapiga mmoja, kwanza naondoa fataki kwenye ule uliobaki, maana sitaki kuinamia mtutu ulio tayari kulipuka. Halafu natia mdeki ndani yake. Nimechora alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu uliopakiwa. Mshtuko wa mlipuko wa kwanza unaweza kuisogeza mbele risasi ya mtutu wa pili, na nafasi ikibaki kati yake na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ikiwa imesogea, naishindilia tena. Alama hizo hizo zinanionyesha pia kama nimekwisha kuupakia mtutu, kwa sababu katika mazungumzo ya uwanjani ni rahisi sana kumimina baruti mara mbili upande uleule. Na baruti yenyewe naipima kwanza kwenye kipimo, kamwe siimimini moja kwa moja kutoka kwenye chupa yake. Cheche iliyobaki ndani inatosha kuilipua mkononi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hairuhusiwi kabisa humu, hata chembe.

Porini, moshi mweupe wa risasi ya kwanza hukufunika macho. Nimejifunza kupiga hatua moja pembeni, nyundo ya pili ikiwa imeshakokiwa na kidole nje ya kifyatulio, nimtazame mnyama. Kulungu wangu wa kwanza kwa bunduki hii alianguka kwa mtutu wa kulia, na wa pili haukuhitajika. Aliyefuata aliuhitaji, na nilifurahi sana kwamba ulikuwepo.

Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma, kwa hiyo kusafisha hakulali hadi kesho. Maji ya moto na sabuni, vitambaa hadi vitoke vyeupe, kukausha, kisha mafuta. Mafuta hayo yanaweza kuziba tundu la moto, yaani njia ya cheche kutoka kwenye fataki hadi kwenye baruti, ndiyo maana kabla ya kupakia tena ninalipua fataki moja moja juu ya mitutu mitupu, mdomo ukielekezwa kwenye jani la nyasi. Jani likitikisika, njia iko wazi, nami namimina baruti.