Nilivyojifunza kutia nanga nikalala

Usiku wa kwanza kulala ndani ya yoti yangu niliamshwa na mkwaruzo. Ulikuja, ukakatika, ukaja tena, ukipanda na mnyororo hadi kwenye ubao ulio karibu na kichwa changu. Nilipotoka juu, taa za nchi kavu nilizoziacha ubavuni zilikuwa zimehamia upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Yoti ilikuwa inaikokota nanga.

Ni yoti ya matanga, urefu mita 9, ya matembezi ya siku za mapumziko. Jioni ile nilitia nanga penye kina cha mita 4, nikaachia mita 15 za mnyororo, nikaridhika kwamba ni karibu mara nne ya kina. Nilikosea pawili. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, imeinuka mita 1 juu ya maji, na hiyo nayo huhesabiwa, kwa kuwa mnyororo unaanzia pale. Tena maji yalikuwa yamekupwa. Usiku yakajaa, yakapanda mita 3. Kimo chote kikawa mita 8, na zile mita 15 hazikufika hata mara mbili yake.

Nilikuwa nadhani uzito wa nanga ndio unaoshika chombo. Sivyo. Mnyororo lazima ulale chini, uivute nanga kwa mlalo, izidi kujichimbia. Ukiwa mfupi, kila wimbi linaloinua omo linainyanyua nanga pia. Yangu ni ya mfano wa plau, aina aliyoibuni mwaka 1933 Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia Mwingereza aliyependa sana safari za matanga. Na plau ukiinyanyua, hailimi.

Basi nikawasha injini, nikatazama nyuma kama pana nafasi, maana mnyororo mrefu hukifanya chombo kizunguke duara kubwa. Nikasogea mbele polepole kuupunguzia mnyororo mzigo, nikaachia hadi mita 40, yaani mara tano ya kimo chote. (Mwenye kamba badala ya mnyororo aachie hata mara saba, kwani kamba ni nyepesi, hailali chini.) Kisha nikarudi nyuma kwa injini, kidogo kidogo, nikaenda omo na kuuwekea mnyororo kiganja. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalolithamini kuliko mengine yote: nanga inayokokotwa hutetemesha mnyororo kwa vishindo vidogo, mkono unavisikia wazi. Ikishika, mnyororo unakaza na kunyamaza. Ulinyamaza.

Taa nyeupe ya nanga, inayoonekana pande zote, nilikuwa nimeiwasha tangu magharibi, kama kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini zinavyotaka. Nililoliongeza ni alama za nchi kavu: nilichagua taa mbili zilizopangana, moja nyuma ya nyingine. Zikiachana, ujue chombo kimehama.

Usiku wa tatu niliamka alfajiri, nikazitazama taa zangu, nikakuta zimeachana. Moyo ulinipasuka. Nilikimbilia omo, nikaweka kiganja: mnyororo kimya kabisa, umekaza. Upepo ulikuwa umegeuka, na yoti imegeuka nao ikiizunguka nanga ile ile. Nikachagua taa nyingine mbili, nikarudi kulala.