Kumbukumbu ya brashi: herufi ya yong yaanza kusimama

Katika kujifunza mwandiko wa Kichina kwa brashi, mwezi huu nimeacha wino kidogo nikahamia kwenye maji. Nimechonga sponji ikawa na ncha, nikaifunga kwenye mpini wa fagio, na jua likipoa naandika kwenye sakafu ya saruji uani. Nimewaiga wazee wa Beijing. Asubuhi huingia bustanini na brashi ndefu za sponji na vindoo vya maji, wakaandika mashairi ya kale juu ya sakafu ya mawe, wapita njia wakisimama kusoma. Wenyewe huita dishu. Baada ya dakika chache maandishi yamekauka, mzee anachovya tena. Napenda sana uhuru huo, na mwili wangu unafaidika: kwa brashi ndefu vidole pekee havitoshi, bega na kiuno lazima viingie kazini.

Ninayoirudia ni yong, 永, yaani milele. Walimu wa mwandiko huanzia hapo kwa kuwa mbinu nane za msingi zimo zote: nukta, mstari wa kulala, wa kusimama, kulabu na kadhalika. Tena ndiyo herufi ya kwanza ya dibaji ya mashairi ya Lanting, aliyoiandika Wang Xizhi, bingwa wa kale wa mwandiko wa China, mwaka 353, alipokaa na wenzake kando ya kijito karibu na Shaoxing, vikombe vya mvinyo vikielea majini huku wakitunga mashairi. Karatasi yake mwenyewe imepotea, zimebaki nakala zilizofuata. Nimebandika moja ukutani. Humo 之, zhi, inatokea mara 20 hivi, na kila mara ina sura nyingine. Naweza kuzitazama hizo zhi jioni nzima.

Mstari wa kulala umetulia sasa: narudisha ncha nyuma kidogo, naenda, nasita mwishoni, narudi. Mfyeko wa kulia, yaani mstari unaoshuka kwa mshazari kuelekea kulia, bado mgumu. Unataka uzidi kugandamiza huku unashuka, kisha uinue brashi ukiwa mwendoni. Kwenye saruji unatoka vizuri, kwenye karatasi manyoya yanatawanyika. Nimeacha brashi ya manyoya ya mbuzi, ni laini mno kwa hatua hii, nikachukua ya mchanganyiko.

Nikimaliza na Wang namgeukia Shen Du, bingwa wa mwandiko katika kasri la Yongle, mfalme wa China. Ndiye aliyeandika utenzi wa kumsifu twiga aliyeletwa kutoka Bengal mwaka 1414, waliyemwita qilin, mnyama wa heri. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi nao wakapeleka twiga. Mwandiko wa Shen Du ni mdogo, ulionyooka, safi kabisa, na jina la utawala wa mfalme wake, 永樂, linaanza na yong hii hii.

Kwa hiyo kazi inayofuata ni kuandika 永樂 kwa wino, nikifuata mkono wa Shen Du. Herufi ya pili ina mapigo 15 ya brashi, na yote yanatakiwa yakae ndani ya mraba mmoja bila kubanana.