Chupa Iliyorudishwa Kabatini

Jana mafuta ya taa yalimwagika kidogo sakafuni, na harufu yake ikanirudisha moja kwa moja maabara, kwenye chupa ile ya sodiamu iliyozamishwa kwenye mafuta hayohayo ili hewa isiifikie.

Mwalimu alitusogeza nyuma, kila mtu na miwani yake, ndoo ya mchanga mkavu pembeni, kwa sababu moto wa metali hii hauzimwi kwa maji. Akatoa kipande kwa koleo, akakifuta mafuta, akakikata kwa kisu. Metali, na inakatika kama jibini! Sehemu iliyokatwa ikang'aa nyeupe, nyeupe kweli, na kabla hatujashiba kuitazama ikaanza kufubaa. Ukungu ukatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, mpaka ule mng'ao wote ukawa kijivu. Hewa ya chumbani na unyevu wake vilitosha. Hapo ndipo nilipoipenda kemia.

Kisha kijipande kama punje ya dengu kikatiwa kwenye beseni la kioo. Sodiamu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kikaelea. Na kwa kuwa huyeyuka kwa nyuzi 98 tu, joto la mmenyuko likakigeuza tone la mviringo, likakimbia huku na huko likivuma, haidrojeni ikilisukuma. Maji yalikuwa na fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kikikutana na alkali, hivyo kila lilipopita liliacha mkia wa waridi: alkali iitwayo hidroksidi ya sodiamu, ileile inayounguza ngozi na macho.

Tukadai potasiamu, metali ndugu ya sodiamu. Tulikuwa tumeshasoma kwamba mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliitenga kwa umeme mwaka 1807, na kwamba ikigusa maji huwaka kwa mwali wa zambarau. Mwalimu akaleta chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Vipande vilikuwa vimevaa gamba la manjano. Akalitazama gamba lile kwa muda, akairudisha chupa kabatini, akafunga kwa ufunguo.

"Hii haikatwi."

Basi. Hakuongeza neno, nasi tukatoka tukinung'unika.

Nilikuja kuelewa baadaye sana. Potasiamu ikikaa muda mrefu, hata ndani ya mafuta, oksijeni huifikia kidogo kidogo na kuunda superoksidi, kampaundi yenye oksijeni nyingi, ndiyo ile rangi ya manjano. Kisu kikipita, gamba hushindiliwa kwenye metali iliyo chini yake pamoja na mafuta, na linaweza kulipuka hapohapo, uso wa mkataji ukiwa umeinamia.

Siku hizi ninayesimama mbele ya wanafunzi ni mimi, na huwaeleza yote: gamba, kisu, mafuta, mlipuko. Naamini wana haki ya kujua sababu. Lakini kila mara yupo mmoja anayeuliza kwa hamu iliyozidi, anataka kujua gamba linachukua muda gani kujiunda, na mpaka leo sijui kama mtu wa aina hiyo namlinda au namchochea, wala kama mwalimu wangu alinyamaza kwa kukosa muda au kwa kutujua vizuri.