Tulivyoanza na korongo, tukauacha mto

Mkutano wangu wa kwanza na wakulima wa mlimani niliuendesha kama mahubiri. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuratibu hifadhi ya bonde la kijito kinachomwaga maji kwenye bwawa la maji ya kunywa, na nilikwenda na picha kubwa ya mto uliogeuka rangi ya udongo baada ya mvua. Nikazungumza karibu saa nzima: samaki wanaokosa hewa, mitambo ya kusafisha maji inayozibwa na tope, nyumba za bondeni zinazofurika. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono.

"Mwanangu, hao wa chini wanatupa nini sisi?"

Sikuwa na jibu. Watu wakakung'uta nguo, wakaondoka.

Nilirudi nimekasirika, nikimwona mzee yule mchoyo. Msimu mzima ulipita kabla sijachukua kalamu na kupiga hesabu ambayo yeye alishaipiga kichwani. Nilikuwa nimewaomba waache ukanda wa mita 5 usiolimwa kando ya kijito. Shamba linalopakana na kijito kwa mita 100 linatoa hapo mita za mraba 500. Mwenye nusu hekta ana mita za mraba 5,000. Kumbe nilikuwa nimemwomba mtu sehemu moja ya kumi ya shamba lake, bure, kwa ajili ya watu asiowajua, halafu nikashangaa alipouliza atapata nini.

Wakati huo nilisoma habari za jiji la New York. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, na hayapitishwi kwenye mtambo wa kuchuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilitaka kuwabana wakulima wa huko kwa kanuni, nao wakaja juu. Baada ya mazungumzo marefu ukapatikana mpango ambao mkulima anaingia kwa hiari, jiji linagharamia kazi za shambani, na baraza lenye wakulima ndani yake ndilo linaloendesha mambo. Mkataba mkubwa wa bonde zima ulitiwa saini mwaka 1997. Sisi hatukuwa na fedha za namna hiyo. Tulikuwa na majembe, miche, na posho ya mafuta ya pikipiki. Lakini niliona kwamba swali la mzee lilikuwa limeshaulizwa kwingine, na waliolijibu ndio waliofanikiwa.

Kitu kilichobadilisha kazi yangu hakikutoka kitabuni, hata hivyo. Siku moja mvua ilinikuta mlimani, na badala ya kukimbilia kibaraza cha mtu nikavaa koti la mvua nikaamua kuyafuata maji tangu kileleni. Namshauri yeyote mwenye kazi hii afanye hivyo kabla ya mkutano wowote. Nilidhani nitaona tope likitoka mashambani. Nililoona kwanza ni barabara. Mtaro wake ulikusanya maji ya kilima kizima na kuyatema kupitia kalavati moja, yaani bomba la chini ya barabara, ndani ya shamba la mtu mmoja. Pale ndipo korongo lilipoanzia. Njia za miguu nazo, zilizoshuka mteremko moja kwa moja, zilikuwa vijito kamili. Korongo lile lilipita mashamba kumi na moja kabla ya kufika kijitoni, na kila shamba liliongeza tope lake.

Wenye mashamba hayo kumi na moja walikuwa wa vijiji viwili. Hawakuwahi kukaa mkutano mmoja. Mimi nilikuwa nikiwaita kwa vijiji, kwa sababu orodha za ofisini zimepangwa kwa vijiji, na katika kila kijiji nilikuwa nikichagua "mkulima wa mfano" mwenye bidii. Matokeo yake shamba moja lilikuwa na matuta mazuri, huku la juu yake likimwagia maji na la chini likibomoka. Maji hayajui mpaka wa kijiji. Niliacha orodha, nikaita watu wa korongo moja tu. Mto sikuutaja.

Katika kikao hicho nilianza na hesabu nyingine. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye hekta moja ni lita 10,000. Mvua ya milimita 30, ambayo si ya kutisha, ni lita 300,000. Nikaigeuza kuwa madumu ya lita 20: madumu 15,000 katika kila hekta, alasiri moja. Wakacheka. Mama mmoja akasema, "Na sisi tunateka mawili mawili kule bondeni." Hapo kikao kikawa chao. Waliongea juu ya udongo wa juu uliokwenda, mbolea iliyokwenda nao, mpaka wa shamba unaoliwa na korongo kila mwaka.

Nilifanya pia lile jaribio la chupa linalojulikana: chupa tatu zilizokatwa ubavu, moja ina udongo mtupu, moja ina matandazo, yaani majani makavu yaliyofunika udongo, moja ina nyasi zilizoota, unamwagia maji na kutazama yanayotoka. Linasaidia kueleza jambo moja ambalo macho hayalioni shambani. Tone kubwa la mvua hugonga ardhi kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Udongo mtupu ukipigwa hivyo, chembe zake ndogo hurushwa na kuziba vitundu vya juu, na maji yanayofuata hayazami tena, yanateleza. Matandazo yanapokea kipigo hicho kwa niaba ya udongo. Lakini nikiri kwamba chupa ziliwafurahisha zaidi kuliko zilivyowashawishi. Kila mtu alijua udongo ule si wake.

Kwa hiyo mvua iliyofuata nikateka maji yanayotoka katika kila shamba, nikayaweka kwenye mitungi ya kioo, nikayaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi kila mtungi ulikuwa na tabaka la udongo chini. Nikaipanga mezani, kila mmoja na namba ya shamba. Ilikuwa kosa kubwa. Mama aliyekuwa na tabaka nene kuliko wote alitazama mtungi wake, akatazama wenzake, akajitanda kanga yake akaenda zake. Hakurudi wiki mbili.

Nilipokwenda kumwomba radhi, aliniuliza swali la pili lililonifunza kazi: "Yale yaliyoingia kwangu uliyapima?" Sikuwa nimeyapima. Tukangoja mvua, tukateka mitungi miwili, mmoja pale maji yanapoingia shambani kwake na mwingine yanapotokea. Uliotoka ulikuwa na tope zaidi kidogo tu ya ulioingia. "Kumbe ulinipima kwa tope la mwenzangu," akasema. Tangu siku hiyo hatukupima shamba lolote kwa mtungi mmoja, na hatukuweka tena mitungi mezani. Kila mtu anaonyeshwa yake nyumbani kwake, na akitaka kuyatangaza ni juu yake.

Kutoka hapo ilikuwa wazi kwamba kazi lazima ianze juu, kwenye kalavati na shamba la kwanza, kisha ishuke. Ukianzia chini, mvua moja ya juu inafagia jasho lako lote.

Kwa kupima mistari ya kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, ambako mifereji na matuta huchimbwa, tulitumia fremu A: nguzo mbili za mita 2 hivi, kipande cha kuzishika katikati, na timazi ya uzi na jiwe. Unaisimamisha, unatia alama uzi unapopita, unageuza miguu ibadilishane nafasi, unatia alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuidharau, nami niliidharau. Mguu mmoja uligongwa wakati wa kuibeba, sikuirekebisha, na siku yenyewe ilikuwa na upepo uliokuwa unauchezesha uzi. Tukachimba mistari minne. Kwa macho ilikuwa mizuri.

Mvua kubwa ya kwanza ilitoa siri. Mstari wa juu ulikuwa umelala upande mmoja, maji yakajikusanya kwenye sehemu ya chini kabisa, yakavunja tuta, yakashuka kwa pamoja na kuvunja matatu yaliyofuata. Pakazaliwa korongo dogo mahali ambapo hapakuwa na korongo. Wakulima wawili walijitoa, na sikuwalaumu. Tuta lililopimwa vibaya ni baya kuliko kukosa tuta, kwa sababu linakusanya maji ambayo yangetawanyika.

Tulipoanza upya tulipima asubuhi kabla ya upepo, kwa jiwe zito zaidi, na kuhakiki fremu kila siku. Ndani ya mifereji tuliacha vikingo vya udongo kila baada ya mita chache ili maji yasikimbie kuelekea upande mmoja. Na hatukuchimba mstari wowote kabla ya kukubaliana maji ya ziada yatokee wapi. Kikao hicho cha "yatokee wapi" kilikuwa kigumu kuliko kuchimba kwenyewe, maana hakuna anayetaka yatokee kwake. Mwishowe yalielekezwa kwenye njia moja iliyotandikwa mawe, iliyochukua kipande kidogo cha mashamba matatu, na wale wengine wakawafidia wenye mashamba hayo kwa siku za kazi.

Kuhusu matuta yenyewe, wengi walichagua fanya chini, yaani udongo unatupwa upande wa chini wa mfereji, kwa kuwa haichoshi sana. Wachache wenye mteremko mkali na vijana wa kutosha walifanya fanya juu, ambapo udongo unarushwa upande wa juu na, miaka ikipita, shamba linajijenga kuwa ngazi. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba majina haya mawili, yaliyovuma kutokana na kazi za Machakos, yameingia katika vitabu vya kitaalamu vya dunia bila kutafsiriwa.

Kwenye nyasi za kushikilia matuta nilibishana nao nikashindwa. Nilitaka vetiveri, ambayo mizizi yake huzama mita 3 na zaidi na haitambai kuvamia shamba. Wao wakauliza swali moja tu: ng'ombe anaila? Ikishakomaa, anaila kwa shida. Wakataka nepia, ambayo wengine huiita majani ya tembo. Nikaeleza kwamba inahitaji kukatwa mara kwa mara na inanyang'anyana chakula na mazao ya karibu. Wakasema kukatwa ndiko wanakokutaka. Vetiveri ikabaki kwenye kingo za korongo, nepia ikapanda matuta na ukanda wa kijito. Ule ukanda niliouomba bure mwanzoni sasa unawapa malisho, na wanawake waliokuwa wakitembea mbali kutafuta majani ndio wanaoulinda kwa ukali kuliko mimi. Waliokodi mashamba hawakutaka kupanda miti, na hilo linaeleweka. Hao waliishia kwenye matandazo na nyasi.

Tope likipungua, usidhani maji yamekuwa safi. Fosforasi, kirutubisho cha mbolea na samadi, kwa sehemu kubwa husafiri imeshikamana na chembe za udongo, kwa hiyo tuta linaikamata. Naitreti, kirutubisho kingine cha mbolea na samadi, huyeyuka na kupita chini ya tuta bila kubisha hodi. Dawa yake ni namna ya kuweka mbolea: kuigawa mara mbili au tatu, kutoiweka mvua kubwa ikiwa inanukia, na kusogeza lundo la samadi mbali na maji. Ng'ombe nao tuliwajengea birika la kunyweshea juu ya ukingo, wasiingie tena kijitoni kukanyaga kingo na kuacha kinyesi. Katika yote tuliyofanya, birika hilo ndilo lililoleta mabadiliko ya haraka zaidi machoni pa watu.

Kosa langu la mwisho lilikuwa la mdomo. Niliwaahidi wa bondeni kwamba mafuriko yatakwisha. Baada ya misimu miwili, mvua za kawaida zilikuwa kweli zinafika kijitoni zimechelewa na zimepungua nguvu, na kivuko cha miguu kikaacha kufunikwa kila mara. Kisha ikaja mvua ya siku tatu mfululizo. Udongo ukishashiba hauna mahali pa kuweka tone lingine, uwe na matuta au usiwe nayo. Bonde likafurika, na walinikumbusha maneno yangu neno kwa neno. Siku hizi nasema ukweli tangu mwanzo: tunapunguza mafuriko madogo na ya kati, na tope lililokwisha kulala kwenye sakafu ya mto litaendelea kusogea kwa miaka hata kama mlimani pametulia.

Watu wa korongo la pili walikuja wenyewe kuazima fremu. Yule mzee wa mkutano wa kwanza anawauzia vipando vya nepia, na hakuacha swali lake. Chama cha watumiaji maji wa chini kimelipia mawe ya njia ya maji na kalavati mpya. Siku za watu waliochimba hakijazilipia. Kikao cha pande zote mbili ni mwezi ujao, na safari hii nitakaa upande wa mzee.