Viti sita vya mninga na mashine ya ndimi za kupachika

Nilipoanza kutafuta njia ya haraka ya kuunganisha viti, fundi mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Nunua mashine ya biskuti, kazi ni ile ile." Nikanunua. Kazi si ile ile hata kidogo, na nasema hivi kwa uchungu. Biskuti ni kipande cha mbao iliyokandamizwa, unene wake kama milimita 4, na kila upande kinazama sentimita moja na ushei tu. Kwa kupanga mbao upate uso wa meza, sawa kabisa. Lakini kiti kinaegemewa, kinaburutwa, kinasimamishwa kwa miguu miwili ya nyuma mtu akishashiba. Mama aliyeniagiza viti sita alinirudishia vinne kabla ya mwaka kwisha, na haki ilikuwa yake.

Kurudi kwenye patasi nisingeweza. Tundu la patasi ni zuri, ndilo nililofundishwa, ila hapa Keko, Dar es Salaam, mteja anataka viti vyake kabla ya Idi. Nikajaribu ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka, na kibao cha kuiongoza. Matundu yalitoka safi, ila kuufunga na kuufungua kila mguu kuliniibia muda wote niliouokoa.

Ndipo shemeji yangu aliyeko Hamburg akanitafutia mashine ya ndimi za kupachika, Domino DF 500 ya kampuni ya Festool, iliyotumika. Pamoja na usafiri ilifika milioni 2 na kitu. Wenzangu walinishika masikio: kwa pesa hiyo si ununue bodaboda ikuletee hesabu ya kila siku? Sikuwasikiliza, na leo sijutii.

Kwa asiyeijua: unatoboa tundu kwenye mbao zote mbili, kisha unapachika katikati yake ulimi, yaani kipande cha tatu cha mbao. Biti ya Domino inazunguka na papo hapo inayumba kulia na kushoto kama waipa ya gari, ndiyo maana tundu linatoka pana lenye pembe za mviringo. Biti ni za milimita 4, 5, 6, 8 na 10. Kwa viti natumia ya 8, ulimi wa urefu wa milimita 50, kina 25 kila upande.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Nilitoboa miguu na mbao za fremu za kiti kizima, nikapaka gundi, nikafunga klampu, kiungo kikabaki wazi milimita 2. Nikadhani ndimi ni ndefu, nikazipunguza. Kiungo cha pili kikafunga, cha tatu kikagoma. Nikachukua njiti ya kiberiti, nikaichora alama kwenye milimita 25, nikaanza kupima tundu moja moja. Mengine 25, mengine 23, na lile la mwisho halikufika hata 22! Usiku nikatoboa kipande cha majaribio, nikachokonoa tundu kwa msumari, na humo ndani nikakuta vumbi limeshindiliwa kama unga kwenye gunia. Maranda mengine yalikuwa yameganda chini ya kitako cha mashine na kuiinua.

Mashine hii inategemea kunyonywa vumbi ili kina kiwe sawa, na mimi niliipata bila kitabu chake. Kesho yake nikaazima vakyumu ya nyumbani. Mdomo wake haukulingana na wa mashine, nikauvalisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakaza kwa waya. Mpaka leo ndiyo hiyo hiyo. Kosa jingine lilikuwa kusukuma kwa nguvu kama drili. Sasa nasukuma huku nahesabu hadi nne, na tundu linatoka sawasawa.

Kuna kitu hakuna aliyeniambia: ukibadilisha upana wa tundu, fanya hivyo mashine ikiwa inazunguka. Ikiwa imezimwa, kile kirungu cha kuchagulia upana hakikai vizuri mahali pake. Upana una hatua tatu. Kwenye fremu nakaza yote kwa upana mdogo; kwenye mguu nakaza tundu la kwanza na kulilegeza la pili kwa upana mkubwa zaidi, nipate nafasi ya kusogeza kidogo kabla gundi haijashika.

Hila ninayoipenda kuliko zote ni ya plaiwudi. Ukilaza mashine juu ya meza kwa kitako chake, katikati ya tundu ni milimita 10 kutoka mezani. Ubao wa fremu naulaza uso wa nje ukiwa chini, natoboa. Nikifika kwenye mguu, naiweka mashine juu ya kipande cha plaiwudi cha milimita 5, tundu linapanda hadi 15, na fremu inakaa ndani ya mguu milimita 5 kamili, viti vyote sita, bila kupima tena. Mguu wa kiti changu una unene wa milimita 45, hivyo ndimi zinazoingia kutoka pande mbili zinapishana kwa nafasi ya milimita moja. Ukienda kina cha 28 zinagongana. Na kila ubao uandike "nje" kwa penseli kabla hujagusa mashine.

Masika ilinifunza la ndimi. Zile za kiwandani zilivimba kwa unyevu wa Dar, nikagonga mmoja kwa nyundo, mguu wa mninga ukapasuka. Sasa nazikausha juu ya bati kwenye jiko la mkaa linalokaribia kuzimika, kisha nazifungia kwenye kopo la maziwa ya unga. Pakiti ilipoisha nikachana masalia ya mninga, nikayanyoa hadi milimita 8, nikaviringa kingo kwa randa. Ulimi uingie kwa kusukuma na kidole gumba, usigongwe.

Vile viti vinne nilivifungua, nikakata biskuti zote, nikatoboa upya na kumpelekea mama bila kumdai hata shilingi. Viwili vilivyobaki alivileta mwenyewe kwa bajaji wiki iliyofuata. Milango ya nje ya mkongo bado naitoboa kwa patasi, kwa sababu ulimi wa milimita 50 ni mfupi mno kwa mlango mzito, na ile kubwa, DF 700, bado siimudu.