Mama Bado

Jumanne imeshapita, leo Jumapili, na sauti ya yule muuguzi bado ninayo masikioni.

"Mama nani vile?"

Nilikuwa chali hospitalini, nasubiri kuingizwa kamera ya kuangalia ndani ya kizazi, miguu juu ya vile vyuma, kanga imenifunika mapaja. Daktari anavaa glavu. Muuguzi, mama wa makamo, kashika faili lenye majina yangu yote matatu, lakini alitaka jina la kuniitia, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri wangu hapa Mwanza. Nikamjibu, "Bado."

Akanyanyua macho, akanitazama. "Haya, Mama Bado, shusha pumzi. Usikaze mapaja."

Basi. Hakusema zaidi ya hayo, nami nimeyageuza kama dagaa juani, upande huu, upande ule. Alinitania? Mtu anataniwaje akiwa amelala vile? Au alinihurumia? Huruma ya namna hiyo siitaki, nimeshapewa ya kutosha kanisani. Usiku wa Jumanne nilimsimulia mwenzangu, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa ya maumivu. Nililia. Wiki nzima hii mama mkwe kahamia kwetu na masanduku yake matatu, mwenye nyumba kapandisha kodi, na mimi akili yangu iko kwenye maneno mawili ya muuguzi.

Mnaokumbuka ile picha ya mirija ya uzazi niliyopigwa mwezi wa tatu tukitafuta mtoto, ile ya dawa na eksirei, mnajua kilichotufikisha hapa. Mirija ilikuwa wazi, ila ndani ya kizazi palionekana kivuli. Daktari akasema hanipi tena vidonge vya kupevusha mayai mpaka aingize kamera aone kwa macho. Histeroskopi. Nilipangiwa siku ya tisa tangu hedhi ianze, kwa sababu damu ikishakatika ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba na kamera inaona vizuri, tena yai halijapevuka. Hata hivyo walinipima mkojo kwanza, kuhakikisha sina mimba. Bahati ilikuwa mbalamwezi, dagaa havuliwi kwenye mwanga wa mwezi, mitumbwi imepumzika, nami sikuwa na mzigo wa kukimbilia.

Karatasi niliyopewa ilisema fika saa mbili asubuhi, basi. Hilo limeniuma. Mambo ya maana niliyajua kwa kumdodosa daktari mwenyewe: kula kidogo, meza ibuprofeni saa moja kabla, nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na ukizidiwa mwambie aache, ataacha. Hilo la mwisho mwanamke anatakiwa aambiwe kabla hajapanda kitandani. Wapo wanaofanyiwa kwa nusu kaputi. Mimi nilikuwa macho.

Kamera yenyewe ni kijiti chembamba, hakifiki nusu sentimita. Kuumiza kunatokea kinapopita mlango wa kizazi: mkazo wa ghafla, kama siku ya kwanza ya hedhi mara mbili. Kisha wanaingiza maji ya chumvi, maana kuta za kizazi huwa zimelaliana na bila maji hakuna nafasi ya kuona. Tumbo linajaa, linavuta. Nikageuza shingo nikatazama skrini. Pekundu kwa mpauko, pasafi, kama mashavu ya sato aliyevuliwa alfajiri. Pembeni huku na huku, vitundu viwili: milango ya mirija. Na kule juu kushoto, kinyama kinaning'inia, kinayumba kwenye maji. Ndicho kilichokuwa kivuli chetu! Daktari akapitisha mkasi mdogo kwenye kijiti hichohicho, akakikata, kikawekwa kwenye kichupa kwenda maabara. Kukatwa kwenyewe sikukusikia. Yote hayo dakika kumi na tano, labda pungufu.

Niliposimama nikaona kizunguzungu, wakanilaza tena, wakaniletea chai. Pedi tu, nisiingize chochote ukeni, tusikutane na mwenzangu wala nisiogelee kwa wiki. Damu kidogo siku mbili tatu ni kawaida, na kweli Ijumaa imekatika. Homa, harufu mbaya, au damu ya kulowesha pedi moja baada ya nyingine, nirudi mbio.

Nje kwenye benchi dada mmoja akanishika mkono. "Inauma?" Nikamwambia inauma, ila si kwa muda mrefu, na nikamwambia yote niliyoyaandika hapa juu. Akaniuliza: kidonge ameshameza, je, achelewe kidogo kuingia ili kifanye kazi? Aliingia akiwa bado ananitazama.

Sasa jana usiku, nimelala sina usingizi, likanijia jambo. Huku kwetu watu wanaitwa Shida, wanaitwa Tabu, wanaitwa Makoye, yaani matatizo kwa Kisukuma. Je, kama yule mama alidhani Bado ni jina la mtoto? Kauliza mama nani, kajibiwa Bado, kaliona ni jina kama majina mengine. Hakutania wala hakuhurumia. Basi kwa dakika zile kumi na tano, mle chumbani, kulikuwa na mtu mmoja duniani anayeamini nina mtoto ananisubiri nyumbani Igombe. Nikakumbuka kwamba aliponiita vile miguu iliacha kutetemeka. Sikuwa nimeliona hilo mpaka jana. Nilitaka kumwamsha mwenzangu nimwambie, nikaogopa nikilitamka litapotea. Nikalala nalo. Asubuhi nilipokuwa nachuja uji, mama mkwe akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "leo umeamka na uso."

Majibu ya maabara ni baada ya wiki mbili.

Mitumbwi imerudi ziwani tangu juzi. Leo nimenunua ndoo kumi na mbili za dagaa, zote ziko kwenye chanja, hazijakauka hata nusu, na wingu limejikusanya upande wa Ukerewe. Binti anayenisaidia hapokei simu. Turubai liko chini ya masanduku ya mama mkwe, naye amelala, na kaulalia mlango.